Kadena upande wa ndani: moto katika nyumba za mbao za Bukavu

Nyumba zikiungua Kadutu au Panzi, mitaa ya Bukavu yetu mashariki mwa Kongo, majivu hayajapoa watu wameshatoa hukumu: ni umeme. Mara nyingi wanasema kweli. Lakini sisi tunaofunga waya na kupigilia mbao katika parseli (viwanja) hizi tumejifunza kutenganisha maswali mawili ambayo mtaani huulizwa kama moja. Moto ulianzia wapi? Na aliyekufa, ni nini kilimzuia kutoka? Majibu ya swali la kwanza ni mengi: waya, buji (mshumaa), mbabula (jiko la mkaa), mafuta. Ya swali la pili ni machache, nayo hujirudia: mlango mmoja, kadena (kufuli), antivoli (nondo za dirisha), moshi, watoto waliofungiwa. Kwa hiyo tunaanza na mlango. Waya utafuata.

Nyumba ya mbao ya kawaida hapa ina vyumba viwili au vitatu, mlango mmoja wa mbele na dirisha dogo lenye antivoli. Usiku mlango unapigwa kadena kwa ndani kwa sababu ya wezi. Hofu hiyo si ya kuchekwa, na hakuna wa kumshauri mama alale mlango ukiwa wazi. Kinachobadilika ni kifungio. Komeo la chuma la kuteleza linamzuia mwizi sawa na kadena, ila linafunguka kwa mkono mmoja, gizani, bila kutafuta chochote. Weka mawili ukitaka, lakini la juu lisipite mita 1.20 kutoka sakafuni, ili mtoto wa miaka saba au minane alifikie. Kama ni lazima kadena, ufunguo utundikwe kwenye msumari pembeni mwa mlango, upande wa bawaba, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki hata akivunja ubao mmoja. Usiku ufunguo huo hauhami. Ufunguo unaolala chini ya mto wa baba haupatikani: taa zimezima, moshi unachoma macho, watoto wanalia, na baba mwenyewe hajui kama amekwisha kuamka.

Antivoli nyingi zimechomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Mwambie mchomeleaji aweke bawaba mbili upande mmoja na komeo upande wa ndani, na nafasi itakayobaki wazi iwe angalau sentimita 50 kwa 70, mtu mzima apite. Nyumba ya mbao ina faida moja ambayo nyumba ya matofali haina, nayo watu hawaitumii: ukuta wake unaweza kufunguka. Mbao tatu za ukuta wa chumba cha watoto zikiunganishwa kwa vipande viwili vya mlalo, zikashikwa kwa ndani na vibao vinavyozunguka kwenye msumari, tayari una njia ya pili. Kwa nje haionekani. Chagua tu ukuta unaoelekea kichochoro, kwa sababu nyuma ya nyumba zetu nyingi kuna ukuta wa jirani kwa umbali wa kiganja.

Kisha kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Mzazi anatoka alfajiri kwenda sokoni, au usiku kwenda mkesha wa maombi, anawafungia watoto kwa nje ili wasizurure. Hapo hata komeo zuri la ndani halisaidii. Watoto wanaachiwa buji, au mbabula iliyobaki na kaa, na kadena iko nje na ufunguo uko sokoni. Waache na mtu mzima. Kama siku hiyo hakuna, usifunge kwa nje; mwombe jirani awaangalie, na ufunguo wa pili ukae kwake siku zote, si siku ya safari tu.

Watoto wadogo hawaukimbii moto jinsi mkubwa anavyofikiri. Wanajificha: chini ya kitanda, nyuma ya masanduku, ndani ya nguo. Anayeingia kuwatafuta atazame huko kwanza. Dawa yake ni mazoezi. Usiku mmoja zima taa, waambie watambae kutoka kitandani hadi mlangoni wakipapasa ukuta, wafungue komeo wenyewe, waende kusimama mahali mlipokubaliana, kwa mfano kwenye bomba la avenyu. Watacheka, na ni vizuri wacheke. Rudieni mpaka wa kwanza kufika aweze kufungua bila kusaidiwa.

Kwa nini haraka hiyo yote? Kwa sababu ya godoro la sponji. Sponji na viti vya salon (sebule) vikishika moto, chumba kizima kinaweza kuwaka kwa dakika tatu hadi tano, na chumba chenye plafoni (dari) ya karton au ya bashi (turubai) hakihitaji hata hizo. Kabla ya miali kukufikia, moshi umekwisha kukufikia. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, na sponji inaongeza gesi ya sianidi. Pumzi chache zinatosha kulegeza miguu. Tena mtu aliyelala pua yake haimwamshi. Wengi wanadhani wataamshwa na harufu, kumbe usingizi unazidi kuwa mzito. Hewa inayofaa inabaki chini, karibu na sakafu, ndiyo maana ya kutambaa. Ukitoka chumbani vuta mlango nyuma yako: ubao mkavu kama huo unaweza kuonekana hauna maana, lakini mlango uliofungwa unaunyima moto hewa na unampa aliye chumba cha pili dakika zinazohitajika. Kikipatikana kifaa cha kunusa moshi, kile cha mviringo chenye betri, kikae kwenye dari kati ya mahali mnapopika na mnapolala. Ukijaribu mara moja kwa mwezi kwa kubonyeza kitufe, inatosha.

Sasa umeme. Hesabu yake si ya chuo. Soma wati zilizoandikwa chini ya kifaa, gawanya kwa 220, unapata ampea. Resho (jiko la umeme) ya wati 1,500 inavuta karibu ampea 7. Pasi ya wati 1,000 inavuta 4 na nusu. Ukizichomeka zote mbili kwenye multiprizi (kichomekeo chenye matundu mengi) moja ni ampea 11 na zaidi, zinapita kwenye ralonji (waya wa kurefushia umeme) yenye waya wa milimita 0.75 za mraba ambao unabeba kama ampea 6 bila taabu. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya linaongezeka mara nne. Ralonji iliyoviringishwa ikafichwa chini ya zulia ni mbaya zaidi, maana joto halina pa kutokea. Waya wa taa uwe milimita 1.5 za mraba, wa prizi (tundu la ukutani la kuchomekea) 2.5, na anayepikia umeme kila siku resho yake iwe na mstari wake peke yake kutoka kwenye disjonteri (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi), wa milimita 4 kama ni ya macho mawili makubwa.

Disjonteri nayo inapimwa kwa waya ulio mwembamba kuliko zote inazozilinda: ampea 10 kwa waya wa 1.5, ampea 16 au 20 kwa 2.5. Tunaitwa mara nyingi kwenye nyumba ambako «disjonteri imeharibika, inakatika kila jioni». Haijaharibika. Nyumba inavuta kuliko waya unavyoweza, na kile kifaa kidogo ndicho peke yake kinachosema kweli. Mwenye nyumba anataka aletewe ya ampea 32, au fuzi ifungwe uzi wa shaba. Kuanzia siku hiyo haitakatika tena. Kitakachokatika ni waya wenyewe, ndani ya plafoni, juu ya karton.

Lakini hata disjonteri sahihi haioni kila kitu. Haioni kiungio kilicholegea. Waya mbili zimesokotwa kwa mkono, zikafungwa mfuko wa plastiki, zikapitishwa juu ya mbao. Umeme unaopita hapo haujazidi kiwango, kwa hiyo disjonteri haina sababu ya kukata; lakini pale shaba inapogusana kidogo tu, joto linakusanyika. Fungua kiungio cha namna hiyo baada ya mwaka: shaba imekuwa nyeusi, plastiki imekuwa ngumu na inavunjika kama ganda, na ubao ulio chini yake una doa la kahawia lenye ukubwa wa sarafu. Ubao unaopata joto kila jioni kwa miezi unakauka mpaka unawaka kwa joto dogo kuliko ubao mpya. Kiungio kifungwe kwa domino (kishikio cha plastiki chenye skrubu), skrubu zikazwe, kikae ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko. Skrubu zikazwe tena kila mwaka, kwa sababu zinalegea zenyewe kwa kupata joto na kupoa.

Dalili zipo kwa anayetaka kuziona. Prizi yenye rangi ya kahawia kwenye tundu moja. Taa inayofifia kila resho ikiwashwa. Mlio mdogo kama wa wadudu ukutani. Na harufu ya samaki katika nyumba ambayo leo haikupika sambaza (dagaa): plastiki za prizi na soketi zikipata joto kali hunuka hivyo. Ukiisikia, zima swichi kuu kwanza ndipo uanze kutafuta.

Desturi ya nyumba sita au nane kuvutiwa waya kutoka kaunta (mita) moja tunaijua sote, na kuilaani hakutaiondoa. Basi angalau yafanyike haya: kila nyumba iwe na disjonteri yake pale waya unapoingia, waya upite ndani ya bomba la plastiki kila unapotoboa ubao au kugusa ukingo wa bati, kwa sababu upepo unausugua kwenye bati mpaka shaba inatokeza na paa zima linapata umeme, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye anayeongeza waya. Parseli ambamo kila mpangaji anapanda juu ya paa na koleo lake, hapo hakuna fundi anayeweza kuwahakikishia kitu.

Delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu) inahitaji kusemwa peke yake, maana kwetu ni chanzo kikubwa. Umeme unakatika saa kumi na mbili jioni resho ikiwa imewashwa. Sufuria inahamishiwa kwenye makala (mkaa), watu wanakula, wanalala. Juu ya resho iliyopoa mtu ameweka karton, au nguo za kukauka. Saa saba za usiku umeme unarudi. Hakuna hitilafu yoyote hapo. Kila kifaa kinafanya kazi yake sawasawa. Kanuni ni moja: umeme ukikatika, kabla ya kuwasha buji, chomoa resho na pasi. Chomoa, usizime tu, kwa sababu gizani hakuna anayekumbuka swichi ilielekea upande gani. Acha taa moja ikiwa imewashwa, hiyo itakujulisha umerudi. Friji ingoje dakika kumi hivi, kwani umeme ukirudi huja kwa nguvu isiyotulia, na ukiwa chini sana mota ya friji inashindwa kuzunguka na inachemka.

Waliokimbilia sola wasijione wamepona. Volti 12 hazimpigi mtu, hilo kweli, lakini betri ya ampea-saa 100 ikiguswa waya kwa waya inatoa mamia ya ampea kwa mara moja na kuufanya waya mwembamba kuwa mwekundu. Fuzi iwekwe kwenye waya wa chanya, sentimita zisizozidi 30 kutoka kwenye betri. Ikiwekwa mbali, kipande cha kabla yake hakina mlinzi. Konvatisa (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80, kwa hiyo kebo zake ziwe nene, milimita 25 au 35 za mraba, na fupi. Betri za maji zinatoa haidrojeni zikichajiwa: zikae penye hewa, si chini ya kitanda wala karibu na mbabula. Simu na pawabanki zisichajiwe juu ya godoro. Pawabanki iliyovimba itolewe nje leo.

Buji. Usiibandike kwenye kifuniko cha plastiki, wala kwenye shingo ya chupa, wala pembeni mwa chandarua. Chukua kopo la maziwa ya unga, weka mchanga vidole vinne, simamisha buji katikati ili hata ikiisha au ikianguka ibaki ndani. Tena izimwe kabla ya kulala. Mtoto anayeogopa giza apewe taa ndogo ya betri.

Mbabula inaua kwa njia mbili. Usiku wa mvua Bukavu ni baridi, tupo karibu mita 1,500 juu, na watu wanaingiza mbabula chumbani makala yakiwa mekundu, bila moshi, wakidhani yamekwisha kuwa salama. Makala yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na asubuhi mlango unavunjwa na majirani. Itoe nje ndipo mlale. Njia ya pili ni majivu: kaa hai linaweza kujificha humo mpaka kesho yake. Yamwagiwe maji, yakorogwe, yatupwe kutoka kwenye chombo cha chuma, kamwe si ndoo ya plastiki iliyoegemezwa kwenye ukuta wa mbao.

Mafuta ya gari ndiyo tunayoyaogopa kuliko yote. Kadafi (mchuuzi wa petroli) anauza barabarani mchana, usiku anarudisha bidoni (dumu) chumbani asiibiwe. Petroli inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse baridi yetu. Mafuta ya taa yanahitaji kufika kama nyuzi 38 ndipo mvuke wake uwake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni na kuteremka, na Bukavu yote ni mteremko: bidoni inavuja nyumba ya juu, mbabula iko nyumba ya chini, mwali unapanda kurudi ulikotoka mvuke. Ndiyo sababu taa ya utambi iliyotiwa mafuta ya taa yaliyochanganywa petroli hulipuka, na ndiyo sababu anayemwagia mbabula petroli ili ishike haraka huona moto ukirudi mpaka kwenye chupa mkononi. Huko Sange, kwenye barabara ya Uvira, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilianguka, watu wakasogea kuchota, na waliokufa walizidi 230, miongoni mwao watu waliokuwa ndani wakitazama mechi ya Kombe la Dunia wala hawakugusa mafuta. Mafuta yakimwagika, kwanza ondoka na ondoa watu, usiwashe wala usizime swichi. Bidoni ikae nje, kwenye kibanda chenye matundu chini na juu, na jenereta ijazwe ikiwa imezimwa na imepoa.

Gesi ya chupa ni safi kuliko makala, ila nayo ni nzito kuliko hewa. Paka maji ya sabuni kwenye tuyo (mpira wa gesi) na detanderi (kidhibiti cha gesi) kila ukibadili chupa. Mapovu yakikua, inavuja. Tarehe iliyoandikwa kwenye tuyo si urembo.

Kuzima au kukimbia? Moto ukiwa mdogo, chini ya kiuno chako, na mlango uko nyuma yako, jaribu mara moja. Ukifika dari, toka. Sufuria ya mafuta ya kukaangia inafunikwa kwa kifuniko na kuachwa ipoe. Maji yanairusha juu. Petroli haizimwi kwa maji. Umeme ukatwe kwanza. Watu wengi wameambiwa waweke ndoo ya mchanga, wanajaza ndoo ya lita 20. Hiyo ina kilo 30, hakuna mama atakayeinyanyua na kuirusha. Kata bidoni za lita 5, jaza tatu au nne. Ekstinta (kizimamoto) ya unga ya kilo 6 inafanya kazi kwa sekunde 15 hadi 20 tu, kwa hiyo lenga shina la moto, si ncha za miali, na uitingishe mara kwa mara ukiwa umeihifadhi ili unga usigande.

Gari la zimamoto haliingii vichochoro vyetu, na vijana huzuia moto kwa kubomoa nyumba. Njia hiyo inafaa ikifanywa kwa mpango. Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoteremka, basi bomoeni upande wa juu na upande upepo unakoelekea. Msichague nyumba iliyoanza kutoa moshi, imekwisha kupotea; chagueni ya pili au ya tatu. Mtu apite ndani kwanza kuangalia waliolala. Umeme uwe umekatwa, tena na wanaojua, si kwa panga. Na mbao zilizobomolewa zibebwe mbali; zikiachwa papo hapo mmeuandalia moto kuni.

Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya kawaida yanayotiririka dakika 20, avuliwe pete na mkufu kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi. Si dawa ya meno, si mawese, si yai, si chumvi. Aliyevuta moshi aende hospitali hata kama anaongea na kutembea, kwa kuwa koo na mapafu huvimba baada ya saa kadhaa.

Halafu kunajengwa upya, na hapo watu huwa na haraka. Mbao nusu zilizoungua zinarudishwa, nyumba zinasogeleana zaidi kuliko zamani. Kama wenye parseli wanaweza kukubaliana jambo moja tu, liwe ukuta wa matofali kila baada ya nyumba nne au tano, unaopita juu ya paa kwa nusu mita, usiotobolewa na boriti ya mtu yeyote. La pili, kichochoro cha mita mbili ambacho hakuna atakayeweka jiko humo. Waya zilizopita motoni zisitumike tena, hata ile shaba inayong'aa ukiikwangua: imelainika, na ganda lake limekufa.